Kuomba moto kwa jirani: mwongozo wa kupata marafiki ukijitolea mbali na kwenu

Jioni ya kwanza nilishindwa kuwasha jiko. Mkaa ulikuwa umeingia unyevu, kiberiti kimebaki njiti tatu, na baridi ya Njombe mwezi wa sita haimwonei huruma mtu aliyekulia Ngamiani, Tanga. Nilikuwa nimeshuka mchana uleule na begi, ndoo, godoro la inchi nne na barua ya kuniruhusu kufundisha Baiolojia kwa kujitolea kwenye sekondari ya kata. Nikapuliza jiko mpaka machozi yakanitoka, na mpaka leo sijui kama yote yalikuwa ya moshi.

Mwishowe nikachukua kifuniko cha sufuria, nikaenda kupiga hodi nyumba ya pili.

"Shikamoo mama. Mimi mwalimu mgeni. Naomba moto."

Akanitazama, akatazama kifuniko, akacheka. "Marahaba mwanangu. Ingia kwanza. Utaota wapi, hapo mlangoni?"

Nikarudi na makaa mawili mekundu, viazi vitatu vya kuchemsha, na jina la mtu. Nilikaa kijiji kile mwaka mmoja na nusu, na karibu kila rafiki niliyempata alitokana na kifuniko kile kwa njia moja au nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kuomba. Tunaokwenda kujitolea tunakwenda na wazo la kutoa: kufundisha, kupima wagonjwa, kuhamasisha. Ukitoa tu, utapata watu wa kukushukuru, lakini anayekushukuru hatakuja kukugongea saa mbili usiku kuuliza kama umekula. Huyo wa kukugongea ni yule uliyewahi kumsumbua.

Nawaandikia hasa vijana wa hapa nyumbani Tanzania, waliomaliza chuo na wanajitolea mashuleni, kwenye zahanati au miradini, mkoa ambao hawana shangazi wala mjomba.

Kabla hujapanda basi

Tafuta namba ya mtu mmoja aliyewahi kujitolea pale au anayejitolea sasa. Mkuu wa kituo atakwambia habari za kituo. Unayemtaka ni yule atakayekwambia maji yanachotwa wapi, nani anapangisha, na duka gani linakubali kukopesha mwisho wa mwezi. Mpigie, usimtumie ujumbe tu. Sauti utakayokutana nayo stendi isiwe ngeni kabisa.

Jambo la pili ni chumba, na hapa watu wengi hukosea. Ukipewa kuchagua kati ya nyumba nzima ya mwalimu iliyo peke yake nyuma ya shule na chumba kimoja kwenye uwanja wa familia, chukua chumba. Najua, nyumba nzima inapendeza na haina kodi. Lakini kwenye uwanja wa familia kuna watoto, kuna kamba moja ya kuanikia nguo, kuna mtu atakayeona kwamba leo hujatoka nje. Wamarekani wanaokuja kujitolea kupitia Peace Corps, ambao walianza kuja nchi hii 1961, huishi kwanza na familia mwenyeji kwa wiki kadhaa wakiwa mafunzoni, ndipo wapelekwe vituoni. Sisi tunadhaniwa hatuhitaji hayo kwa kuwa Kiswahili tunakijua. Tunayahitaji, na kwa kuwa hakuna wa kukupangia, jipangie.

Jambo la tatu ni zawadi. Beba kitu cha kwenu kinachogawanyika. Mimi nilibeba machungwa ya Muheza nusu kiroba na pakiti mbili za iliki. Machungwa yaliisha siku ya pili, kila nyumba matatu matatu, na wiki nzima watoto waliniita Dada Machungwa. Ni afadhali kuliko Madam.

Wiki mbili za mwanzo: jitambulishe mpaka uchoke

Anza na ofisi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na barua yako, halafu kwa mwenyekiti wa kitongoji unakolala, halafu kwa balozi wa nyumba kumi. Hawa si marafiki, ni watu wa kujua kwamba upo. Lakini zingatia hili: mwenyekiti akishakupokea, siku ya mkutano wa kijiji atakusimamisha mbele za watu utaje jina na unakotoka. Kubali. Dakika mbili zile zinakuokolea miezi miwili ya watu kuulizana wewe ni nani.

Jifunze salamu za pale kabla ya kitu kingine chochote. Kwa Wabena ni *kamwene*. Utaitamka vibaya, watacheka, na hicho kicheko ndicho unachokitafuta. Mimi nilipokuwa nikisema kamwene kwa lafudhi ya pwani, wazee pale dukani walinijibu, "Mtanga huyo! Majini yako umeyaacha wapi?" Nikawajibu yamekataa baridi, yamerudi Makambako. Tangu siku ile sikupita pale bila kutaniwa. Mtu anayekutania keshakupa nafasi, usinune.

Halafu nunua mahali palepale. Nyanya kwa mama mmoja, vocha kwa kijana mmoja, nywele kwa msusi mmoja. Ukizunguka kutafuta bei nafuu ya shilingi mia utabaki mteja. Mama wa nyanya ukienda kwake mara kumi, mara ya kumi na moja atakuuliza mbona macho yamevimba.

Omba, kopa, rudisha

Hii ndiyo hatua kubwa, na kwa mtu mwenye haya ndiyo ngumu kuliko zote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa, liombe. Uliza, "Mama, kesho shambani mnakwenda saa ngapi? Nije?" Mimi nilikwenda kuvuna viazi Jumamosi moja, nikakata viazi vingi kwa jembe kuliko nilivyovitoa salama. Mama yangu wa moto alikuwa akiviokota vile vilivyokatika na kuvitupia kando bila kusema neno. Jioni tukavipika. Siku nzima ile sikufundisha mtu kitu, na ndiyo siku niliyoacha kuwa mgeni.

Omba vitu vidogo vyenye kurudi: moto, chumvi, kinu, ungo, kisu cha kukatia mboga. Usiombe pesa. Usiombe kitu ambacho mwenyewe anakitegemea jioni ile. Ukirudisha, rudisha siku hiyohiyo, na chombo kisirudi kitupu. Hili kila mswahili analijua, ila tukiwa wageni tunalisahau kwa kudhani hatuna cha kuweka ndani. Kiwe chochote. Mimi sahani ya viazi niliirudisha na vitumbua sita. Nazi Njombe ni ghali, nilimpigia mama yangu Tanga, akanitumia nazi kumi kwa kondakta wa basi. Wiki iliyofuata wanawake watatu walikuwa jikoni kwangu wakitaka kuona vitumbua vinavyogeuzwa. Mmoja wao, fundi cherehani wa rika langu, hakuondoka na wenzake. Alikaa akasaidia kuosha vikaango, akanisimulia kwamba naye aliolewa pale kutoka Ludewa na kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akilia kila Jumapili. Huyo ndiye aliyekuja kuwa rafiki yangu wa ndani.

Kwa hiyo tazama wageni wengine: walioolewa pale kutoka mbali, wauza duka waliohamia, muuguzi aliyepangiwa mwaka jana. Wenyeji watakukaribisha kwa moyo, lakini wana ndugu zao, na Jumapili wana mahali pa kwenda. Mgeni mwenzako Jumapili haendi kokote.

Msibani

Kama utafuata sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Ukisikia kuna msiba kitongojini, nenda. Hata kama humjui marehemu.

Vaa khanga au shuka lako, au koti kama ni mwanaume, fika mapema, toa rambirambi kidogo unayoiweza, jina liandikwe. Halafu usikae kwenye viti pamoja na walimu. Hapo ndipo wengi huishia: wanakaa na wenzao wa ofisini, wanasikiliza ratiba, wanarudi kituoni. Wewe zunguka nyuma, kwenye masufuria. Uliza, "Nishike nini?" Utapewa kisu na lundo la kabichi, au ndoo. Wanaume watapewa shoka au sururu.

Huko nyuma ndiko mnakojuana. Wanawake wakiwa wanamenya viazi usiku kucha wanasimulia kila kitu: nani mgonjwa, nani ana mtoto anayeshindwa kusoma, nani aliwahi kukaa Tanga na anatamani kuisikia. Hakuna anayekuhoji, mikono inafanya kazi, mdomo unafuata. Asubuhi yake nilikuwa na macho mekundu na majina kumi na mawili mapya, na nikaanza kusalimiwa njiani kwa jina langu badala ya cheo.

Mimi ni Mwislamu, na kijiji kile karibu wote ni Walutheri na Wakatoliki. Sikujifanya nisichokuwa. Wakati wa ibada nilikaa kimya kwa adabu, kazi za mikono nilizifanya zote. Ramadhani ilipofika nilidhani nitafuturu peke yangu mwezi mzima. Siku ya tatu yule mama akamtuma mwanawe magharibi na bakuli la viazi na uji: "Mama anasema saa zenu za kula zimefika." Mjini Njombe kuna msikiti, nilikuwa nikienda Ijumaa nilipopata nauli, na huko nikapata dada wawili wa kufuturu nao mwisho wa wiki. Tafuta watu wa imani yako hata kama ni mbali kidogo, kuna mambo ya moyoni ambayo hutaki kuyaeleza toka mwanzo. Na kama wewe ni Mkristo, ulizia jumuiya yako ya nyumba kwa nyumba inakutana siku gani. Kwaya nayo ni mlango, hata kwa mwenye sauti mbovu.

Ile saa mbaya

Kila aliyejitolea mbali ana saa yake. Yangu ilikuwa saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Wanafunzi wameondoka, giza linaingia, kila nyumba inafuka moshi na sauti za watu ndani, na wewe una sufuria moja na simu. Mwezi wa kwanza huihisi kwa sababu kila kitu ni kipya. Mimi ilinibana mwezi wa tatu.

Usiijaze saa hiyo kwa simu. Nilifanya kosa hilo: nilimpigia mama kila jioni, nikiongea mpaka bando likatike, na nikikata nilikuwa na upweke kuliko nilipoanza. Mama naye akaanza kukosa usingizi. Tukakubaliana Jumatano na Jumapili, na siku nyingine ujumbe wa sauti tu. Saa zile nikaziweka kwa watu: Jumatatu na Alhamisi nilikwenda kwa fundi cherehani, yeye akishona mimi nikisahihisha madaftari. Hatukuongea sana. Siku nyingine nilikaa jikoni kwa mama na mwanawe wa darasa la saba akifanya hesabu. Siku maalumu ni bora kuliko "karibu wakati wowote", kwa sababu huo "wakati wowote" haufiki.

Kwa mwanaume kuna jaribu la kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Sitamhubiria mtu. Kuna mwenzangu alipata marafiki wazuri pale, na kuna mwingine alipata wa kumkopa tu. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza alikuwa akionana na watu walewale mchana pia, shambani na uwanja wa mpira.

Wenzako wanaojitolea

Kwenye kata yetu tulikuwa watano: walimu watatu, mmoja zahanati, mmoja kwenye mradi wa miti. Tulikutana kila mwisho wa mwezi, tukachanga elfu mbili mbili, tukapika. Hawa wanajua kitu ambacho jirani hakijui: kusubiri ajira, kuchungulia simu kila yakitoka majina, kuona aibu ya kuomba nauli nyumbani ukiwa na shahada. Huwezi kumweleza mama wa viazi habari hiyo akaielewa yote.

Lakini angalieni msigeuke chama cha malalamiko. Sisi tulifika hapo. Mwezi wa nne tulikuwa tukiachana na huzuni kuliko tulivyokutana. Mwenzetu wa mradi wa miti akaweka sheria: kulalamika ni mpaka maharage yaive. Maharage yakishaiva, yeyote anayetaja posho anaosha vyombo. Ikafanya kazi, ingawa mimi niliosha vyombo mara nyingi kuliko wote.

Nani wa kumwambia siri

Miezi yangu ya mwanzo nilimwamini mfanyakazi mwenzangu mmoja haraka mno. Nilimwambia nimechoka, nafikiria kuacha, na kwamba posho ya miezi miwili sijapata. Jumatatu yake niliitwa ofisini kuulizwa kwa nini nasambaza maneno. Sikuwa nimesambaza, nilikuwa nimenong'ona sikio moja.

Tangu hapo nina kipimo changu. Mpe mtu jambo dogo lisilo na madhara, mathalani kwamba unaogopa radi. Kaa wiki mbili. Likirudi kwako kupitia mdomo mwingine, mtu huyo ni wa kucheka naye tu, na wa kucheka naye pia ni wa thamani. Lisiporudi, ongeza kidogo. Na msikilize anavyokusimulia habari za wengine: anayekuletea siri za watu jikoni, zako nazo anazipeleka jiko la pili. La kazini lenye uzito mpelekee rafiki asiye wa kazini.

Urafiki wa mwanamke na mwanaume kijijini unasomwa kwa macho mengine, upende usipende. Nilikuwa na rafiki wa kiume mwalimu, mtu mwema. Tulikaa barazani, mlango wazi, na mara nyingi na mtoto wa jirani pembeni. Haikutupunguzia kitu.

Ila kuna kitu kinachojiita urafiki na si urafiki. Mtu mwenye mamlaka juu yako akianza kukuahidi barua nzuri, nafasi ya ajira au posho iliyochelewa ili umpe mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU wana namba ya bure, 113, na vituo vya polisi vingi vina dawati la jinsia. Hifadhi ujumbe wake, usifute. Na mwambie mtu mmoja siku hiyohiyo, hapo ndipo utakapojua kwa nini nilisema upange chumba kwenye uwanja wa familia.

Pesa: mtu akikukopa, mpe kiasi ambacho kisiporudi mtaendelea kusalimiana. Zaidi ya hapo sema huna. Mtu wa kujitolea akisema hana, watu wanaamini. Kikundi cha kuweka na kukopa ni kizuri kwa kukutana kila wiki, lakini weka hisa, usichukue mkopo utakaokufuata mpaka kwenu.

Marafiki wasipotosheleza

Kuna wakati hata jiko lenye watu halisaidii. Ukikosa usingizi wiki mbili mfululizo, chakula hakipiti, unaona afadhali usiamke, hilo ni la zahanati. Mweleze mganga kama unavyomweleza homa, naye anaweza kukupa rufaa ya hospitali kubwa. Mwombe rafiki akusindikize. Mimi nilimsindikiza mwenzetu mmoja, tulikwenda kwa bodaboda watu watatu na hatukuongea njia nzima, na aliniambia baadaye kwamba peke yake asingefika. Kurudi nyumbani kabla ya muda nako kupo, na si aibu.

Kuaga

Usiondoke kimyakimya kwa kuogopa machozi. Anza kuaga wiki tatu kabla. Pita nyumba kwa nyumba, rudisha kila chombo, lipa kila deni la dukani hata la kiberiti. Wazee wa dukani waliniambia, "Si ndiyo Tanga hiyo, waja leo waondoka leo." Nikawakumbusha nilikuja mwaka jana.

Ukiwa kwenu, piga simu siku zisizo na sababu. Na kama kuna mwingine anakuja kushika nafasi yako, fanya mpango mkutane hata siku moja. Wa kwangu alikuwa kijana wa Mtwara, alishuka anatetemeka na kishati chepesi. Nilimpeleka nyumba ya pili, nikamwambia mama huyu ndiye wa sasa. Halafu nikamwachia jiko, na kile kifuniko cha sufuria.